Ngiri Aliyesema Hana Kiu

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa bwawa, bwawa likawa na matope, matope yakawa na nyayo. Nyayo za nani?

*Za aliyepita!*

Na aliyepita akikana?

*Matope yatasema!*

Haya, sogeeni karibu na moto. Mikono iendelee kupukuchua mahindi, masikio niachieni mimi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, na Kanga akiwa bado mweusi tititi, hana doa hata moja, palikuwa na bwawa katikati ya mbuga. Bwawa hilo liliitwa Kilambo. Mvua zikiisha, vijito vyote vilikauka, likabaki Kilambo peke yake. Kutoka hapo hadi mto wenye maji ni mwendo wa siku mbili kwa mwenye miguu mirefu. Kwa mwenye miguu mifupi, tusiseme.

Kwa hiyo kila kiangazi wanyama walimchagua Mshika Zamu. Kazi yake ilikuwa kusema nani anywe kwanza na nani afuate, ili wakubwa wasiwakanyage wadogo. Ni hiyo tu. Lakini mwenye kazi hiyo alitembea kifua mbele kiangazi kizima.

Walimchaguaje? Karatasi hawakuwa nazo. Walikuwa na matope. Anayemtaka huyu alikanyaga mara moja ukingo wa kulia. Anayemtaka yule alikanyaga mara moja ukingo wa kushoto. Kisha Bi Kakakuona, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwa na haraka, alipita polepole akihesabu nyayo.

Halafu kulikuwa na jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Hesabu ikishatajwa, wagombea wote wawili, aliyeshinda na aliyeshindwa, waliinama pamoja, wakatia midomo majini kwa wakati mmoja, wakanywa. Wanyama wote wakaitikia, "Yamekwisha!" Ndipo kila mtu akanywa akaenda zake; kabla ya hapo, siku hiyo, hakuna aliyegusa maji.

Mnanifuata?

*Tunakufuata!*

Mwaka huo waligombea wawili: Nyumbu, mwenye ndevu ndefu, na Ngiri, mwenye mashavu ya manundu. Wafuasi wa Nyumbu walikuwa pundamilia, kongoni na swala. Wafuasi wa Ngiri walikuwa nguruwe mwitu, nungunungu na nguchiro. Walitaniana tangu asubuhi.

"Nyie watu wa mashavu, mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, watu wa ndevu! Mwambieni bwana wenu anyoe, tuone kidevu kama kipo!"

Wakacheka, wakakanyaga, wakakaa kivulini kungoja.

Miongoni mwao alikuwepo Mama Kanga. Alikuwa ametoka kuangua vifaranga saba. Sita walikuwa na siku tano. Wa saba alitoka kwenye yai nyuma ya wenzake, mamaye akamwita Chelewa. Chelewa alikuwa mdogo kuliko kokwa ya embe, na miguu yake ilitetemeka anaposimama. Mama Kanga alikanyaga matope, lakini hakumwambia mtu amekanyaga upande gani. Alichotaka ni watoto wake wanywe.

Bi Kakakuona akahesabu. Akahesabu kulia, akahesabu kushoto. Kisha akarudi kushoto, akainama tena.

"Upande wa Nyumbu, nyayo mia moja na nne," akasema. "Upande wa Ngiri, tisini na nane. Lakini hapa kushoto, upande huo huo wa Ngiri, kuna sehemu imevurugwa, upana wake kama mkeka. Palikuwa na nyayo hapa, nami siwezi kuzisoma. Aliyevuruga simjui. Naomba tukanyage upya."

"Upya wa nini?" akasema Nyumbu. "Mia moja na nne ni nyingi kuliko tisini na nane. Nimeshinda. Haya, Ngiri, ndugu yangu, njoo tunywe."

Sasa, wanangu, Ngiri alikuwa na haki ya kuuliza juu ya yale matope. Hilo tusimnyime. Angeweza kusema, "Sikubali, tukanyage upya," na wengi wangemuunga mkono. Lakini hakusema hivyo. Alikaa chini, akageuza uso.

"Sina kiu," akasema.

Wakamwambia mara ya kwanza, "Mzee Ngiri, njoo unywe."

"Sina kiu."

Wakamwambia mara ya pili, "Mzee Ngiri, jua ni kali, njoo unywe."

"Sina kiu."

Wakamwambia mara ya tatu, "Mzee Ngiri, watoto wanangoja, njoo unywe."

"Nimesema sina kiu. Mwenye kiu ni mwenye kiu. Mimi sina."

Akainuka, akaenda zake.

Siku ya kwanza ikapita. Wafuasi wa Ngiri waliketi ukingoni, midomo imefungwa. "Kama mzee hana kiu, na sisi hatuna kiu," walisema. Asubuhi walilisema kwa kujikaza. Mchana walilisema kwa hasira. Jioni swala mmoja aliposogea kunywa, nungunungu akamsimamia mbele, miiba juu. "Wewe una kiu ya nini? Mzee wetu anadhulumiwa, wewe unakunywa?"

Mama Kanga akamwendea Ngiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Kanga. Vifaranga hawajambo?"

"Hawajambo, ila wana kiu. Watu wako wanazuia maji. Waambie neno moja tu, watakusikia."

Ngiri akakunja uso kwa masikitiko, na masikitiko yenyewe yalikuwa ya kweli. "Mimi sikumtuma mtu. Nilisema sina kiu. Kutokuwa na kiu ni kosa?"

Mama Kanga akarudi.

Siku ya pili, Nyumbu akawapanga pundamilia na kongoni kuzunguka bwawa, pembe na kwato zikitazama nje. "Simameni imara," akawaambia. "Asionekane mtu wa kuchezea ushindi wetu." Nao wakasimama imara. Na msimamaji imara, jua likimpiga kichwani tangu asubuhi, huanza kuona adui katika kila kichaka. Wakamrukia nguchiro mmoja aliyekuwa akipita na mwanawe mgongoni. Wakampiga teke.

Mama Kanga akamwendea Nyumbu.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Sema haraka, nina kazi."

"Bwana, umeshinda. Aliyeshinda ana nafasi ya kushuka kidogo. Kubali tukanyage upya, au mwendee mwenzako mkazungumze. Watoto wanakauka."

Nyumbu akatikisa ndevu. "Mimi sikusema mtu apigwe. Nilisema wasimame. Kusimama ni kosa?"

Mama Kanga akarudi. Chelewa alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi.

Siku ya tatu, asubuhi, wakapigana.

Nani alianza? Uliza upande huu, watakuambia ni wale. Uliza upande ule, watakuambia ni hawa. Waliingia bwawani kwa pembe, kwa meno, kwa miiba na kwa kwato. Waliojuana tangu utotoni wakang'oana masikio. Msiwachukie sana, wanangu. Wengi walikuwa vijana, na kila mmoja alikuwa na kiu ya siku tatu, asiweze kuisema. Walipochoka, bwawa halikuwa bwawa tena. Lilikuwa tope zito jekundu, hata chura asingeweza kunywa.

Na ukingoni alilala Bi Paa.

Bi Paa hakuwa mtu wa ndevu wala mtu wa mashavu. Alikuwa jirani yake Mama Kanga. Jua likiwa kali, vifaranga wote saba walikaa kwenye kivuli cha tumbo lake, naye hakuondoka hata miguu ikimfa ganzi. Asubuhi hiyo alikuja na binti yake kutafuta funda moja la maji. Vita vikampitia juu. Binti yake alisimama pembeni, anamsukuma kwa pua. "Mama, amka. Mama, wameshaondoka."

Mama Kanga alimwona. Hakulia, maana hata machozi hayakuwepo. Akaenda kwa Ngiri mara nyingine.

"Mzee, Bi Paa amekufa."

Ngiri akainamisha kichwa. "Nimesikia. Nimehuzunika sana. Lakini mimi sikumgusa."

Alipoinamisha kichwa hivyo, tone moja likatoka kwenye sharubu zake. Likaanguka mavumbini. *Ta!*

Mama Kanga akalitazama lile tone. Siku ya tatu hii, mbuga nzima imekauka, na mzee ambaye hana kiu ana sharubu mbichi.

Akaaga, akajificha nyuma ya kichaka.

Ilipofika saa sita, jua likiwa utosini na wanyama wote wamejilaza, Ngiri akainuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama nyuma. Akashika njia ya majabali. Mama Kanga akamfuata kwa miguu, maana mabawa yana kelele. Wakapita jabali la kwanza. Wakapita jabali la pili. Nyuma ya jabali la tatu palikuwa na ufa, na ndani ya ufa palikuwa na chemchemi ndogo, safi, ambayo Ngiri aliichimba zamani kwa meno yake. Na pale chemchemini, tayari ameinama, alikuwepo nani?

*Nani?*

Nyumbu!

Ngiri akainama kando yake. Wakatia midomo majini kwa wakati mmoja, wakanywa.

"Watu wako wamechoka?" akauliza Nyumbu.

"Bado. Wako je?"

"Bado kidogo. Wakichoka zaidi watakubali lolote. Hapo tutakaa mimi na wewe, tugawane zamu. Asubuhi yangu, jioni yako."

Ngiri akatoa mdomo majini. "Paa amekufa."

"Nimesikia. Mimi sikumgusa."

"Wala mimi."

Wakanywa tena.

Mama Kanga akatoka nyuma ya jabali. "Shikamooni, wazee."

Ngiri akapaliwa na maji. Nyumbu akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama Kanga! Umefika lini hapa?"

"Nimefika mkiwa mmeinama pamoja."

Nyumbu akalainisha sauti. "Sikiliza, mama. Wewe ni mzazi, unaelewa. Walete vifaranga wako wote hapa, polepole, asione mtu. Wanywe mpaka washibe. Leo na kesho, mpaka mambo yatulie. Lakini midomo ifungwe."

Fikirini, wanangu. Chelewa amelala ubavu. Maji haya hapa. Kinachotakiwa ni kunyamaza tu.

Mama Kanga akayatazama maji kwa muda mrefu.

"Na binti wa Paa?" akauliza.

"Huyo hayumo katika mazungumzo yetu," akasema Nyumbu.

Mama Kanga akamtazama Ngiri. Ngiri akatazama chini.

Basi akajitosa chemchemini, *chubwi!* Akajigaragaza, akazamisha mgongo, akazamisha mabawa, akazamisha kifua. Kisha akatoka, akakimbia. Jabali la tatu, jabali la pili, jabali la kwanza. Akakimbia chini ya jua la saa sita, mabawa ameyabana ili maji yasimwagike, na matone yakang'aa juu ya manyoya yake meusi kama punje za mchele.

Akafika kwa vifaranga. Akainamisha bawa juu ya mdomo wa Chelewa. Tone la kwanza, Chelewa hakusogea. Tone la pili, Chelewa hakusogea. Tone la tatu, akameza.

Bawa la pili akalipeleka kwa binti wa Paa. "Ramba, mwanangu."

Wanyama wakainuka mmoja mmoja. "Maji! Mama Kanga ana maji! Umeyatoa wapi?"

"Nimeyatoa wanakokunywa wazee wetu wawili, pamoja, bega kwa bega."

"Mwongo!" wakapiga kelele watu wa mashavu. "Mzee wetu hana kiu!"

"Mwongo!" wakapiga kelele watu wa ndevu. "Bwana wetu hawezi kukaa na yule!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tatu pande hizo mbili kukubaliana jambo.

Mama Kanga hakubishana nao. "Nifuateni," akasema. "Bi Kakakuona, na wewe twende. Kuna nyayo za kuhesabu."

Wakaenda, wakichechemea, wengine wakiegemea waliowapiga asubuhi, maana njia ya majabali ni mbaya na mwenye mguu mmoja mzima hachagui bega. Wakafika. Ngiri na Nyumbu walikuwa bado wapo, wanabishana nani atangulie kuondoka.

Bi Kakakuona akapita polepole kwenye matope ya chemchemi. Hata siku hiyo hakuwa na haraka.

"Hizi ni nyayo za Ngiri, na hizi ni za Nyumbu, kando kwa kando," akasema. "Hizi zimekauka, za juzi. Hizi zina unyevunyevu, za jana. Hizi bado zinajaa maji, za leo. Siku tatu, wawili pamoja. Na matope haya hayajavurugwa na mtu. Nayasoma vizuri kabisa."

Wanyama wakasogea, wakainama kuzitazama.

"Kwa desturi yetu," akaendelea Bi Kakakuona, "wagombea wakinywa pamoja, tunasemaje?"

Walijua wote. Lakini hakuna aliyeweza kuitikia "Yamekwisha." Yalikwisha tangu juzi, nao walikuwa wameng'oana masikio asubuhi hiyo.

Ndipo binti wa Paa akasogea mbele. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mzee Ngiri. Mlipokunywa hapa jana, mama yangu alikuwa hai?"

Ngiri akafungua mdomo. Wote walijua atakachosema: sikumtuma mtu, sikumgusa. Mdomo ukabaki wazi. Akamtazama yule mtoto, akaona nundu la tope kwenye pua yake, pale alipokuwa akimsukuma mamaye.

Miguu ya mbele ya Ngiri ikakunjika. Akapiga magoti.

"Alikuwa hai," akasema. "Sikumgusa, mwanangu. Lakini niliona neno langu linakokwenda. Nililiona siku ya kwanza, nikaliona siku ya pili. Ningeweza kulizuia kwa funda moja la maji, mbele yenu. Nikaona niliache kidogo, linisaidie. Nisamehe. Na usiponisamehe, sitakulaumu."

Wakamgeukia Nyumbu.

"Mimi nilishinda," akasema Nyumbu. "Aliyeshinda hapigi magoti. Na mimi sikusema mtu apigwe. Nilisema wasimame."

"Basi bwana," akasema Bi Kakakuona kwa upole, "tafuta bwawa ambalo hawakujui."

Nyumbu akatikisa ndevu, akaondoka na jamaa zake. Alikwenda kaskazini, akakuta maji yana wenyewe. Akaenda kusini, akakuta vivyo hivyo. Mpaka leo, mwaka kwa mwaka, anatembea na ukoo wake, hatulii.

Chemchemi iliwatosha wanyama funda moja moja tu. Ngiri hakuinuka. Alirudi Kilambo kwa magoti, akaanza kuchimbua lile tope jekundu kwa meno yake. Vijana waliopigana wakamtazama. Kisha nungunungu mmoja akashuka kumsaidia, na pundamilia mmoja aliyekataa kumfuata Nyumbu akashuka pia, maana wao nao walikuwa na mikono katika yale mambo na walijua. Wakachimba siku hiyo na siku iliyofuata. Maji safi yalipochipua, Ngiri aliyachota kwa jani, akampelekea binti wa Paa kwanza. Binti akanywa. Hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe. Lakini alikunywa.

Siku ya tatu wakakanyaga upya, na safari hii Bi Kakakuona alikaa kando ya matope akiyalinda hadi hesabu ikaisha. Walitaka Mama Kanga agombee. Akawaambia, "Nina watoto saba wanaotaka kunywa kwanza wote kwa pamoja. Zamu ninazoshika nyumbani zinanitosha." Wakamchagua Kiboko, ambaye angalau hakai mbali na maji.

Ndiyo maana ukimwona Ngiri akila leo, anapiga magoti. Wengine husema ni kwa sababu ana shingo fupi. Wewe uliyekuwa nasi jioni hii unajua.

Na yale matone hayakumtoka Kanga. Yalikaukia kwenye manyoya, meupe, mgongoni, mabawani na kifuani. Chelewa alipokua na kuota manyoya, naye akatoka nayo. Mhesabieni kanga yeyote madoa, mtachoka kabla ya kumaliza.

Wanangu, mkubwa akinuna, wadogo hushika fimbo. Asiseme baadaye kwamba hakuzigawa. Mnaokua mtakuwa wakubwa wa kitu siku moja: wa darasa, wa timu ya mpira, wa mtaa, na nani ajuaye, wa nchi. Siku mkishindwa, semeni wazi mnachodai, lakini msiwaache watu wenu wakauke huku nyinyi mnakunywa nyuma ya jabali. Siku mkishinda, ongezeni masikio. Na mtoto akija kuwauliza mama yake alikuwa hai mpaka saa ngapi, muwe na jibu linaloweza kutoka mdomoni.

Ngano yangu imefika ukingoni, imekanyaga mara moja, imeondoka. Aliyeipenda afuate nyayo zake, asiyeipenda asizivuruge.

Mimi mwenyewe nilipita Kilambo siku ile nikaomba maji. Kiboko akaniambia zamu yangu bado. Nimengoja tangu enzi hizo, na sasa koo limenikauka kwa maneno. Haya, aliye karibu na mtungi anichotee. Msiniulize kama nina kiu.

Ninayo!